Kuuguzwa Ukweni

Mwanamume wa kwetu akiugua huuguzwa na mkewe, au na mama yake mzazi, au na dada zake. Akiwakosa wote hao, afadhali auguzwe na majirani. Ukweni haendi. Mimi nilipelekwa ukweni, Didia, nikiwa nimeegemezwa dirishani kwenye Hiace kama gunia la pamba, na aibu ya siku ile bado ninayo, ingawa nimepona na watu wananiambia nishukuru. Nashukuru. Ila aibu haiondoki kwa kushukuru.

Kilichonipeleka huko ni vidonda vya tumbo. Nilikuwa nasimamia karasha maeneo ya Bulyanhulu, mashine ile inayosaga mawe ya dhahabu yakawa unga. Kutwa nzima unabeba viroba vya mawe, unamimina, unainama, unabeba tena, na mgongo wa mtu wa karasha haujui Jumapili. Dawa yetu sote ilikuwa moja, vidonge vya diklofenaki, vile vyekundu, tunavimeza asubuhi kabla ya kula na mchana tunavirudia kwa soda ya kuongeza nguvu. Tumbo likiuma tunasema ni njaa. Niliita njaa kwa muda mrefu, mpaka siku niliyoinama kuchukua koleo nikatapika damu nyeusi kama mashapo ya kahawa, mbele ya wachimbaji waliokuwa wanasubiri zamu ya kusaga. Mmoja wao akaona nimerogwa, akasogeza viroba vyake mbali nami.

Hospitali ya rufaa waliniingiza mpira wenye kamera kooni mpaka tumboni, wakakuta kidonda kina mshipa unaovuja. Wakauchoma sindano kwa njia ya mpira huo huo, wakaubana kwa kibanio kidogo cha chuma. Kesho yake daktari akaja wodini kunieleza, binti mdogo ambaye ningeweza kumwita mdogo wangu wa mwisho, na sauti yake ilitosha vitanda vyote.

"Baba, tumeziba, lakini hatujamaliza. Kidonda cha namna hii kinaweza kurudia kutoa damu, hasa wiki hizi za mwanzo. Hivi vidonge vya kuzuia asidi usiruke hata siku moja. Vile vya maumivu, diklofenaki na ndugu zake wote, usimeze tena, hata ukipewa na nani. Pombe acha. Na kila ukienda haja kubwa, uangalie rangi. Ukiona cheusi kama lami, kinanata, kina harufu kali, usisubiri kesho, njoo."

Mzee wa kitanda cha pili aligeuza shingo kunitazama alipomsikia ananifundisha kuangalia mavi yangu. Nilijifunika shuka mpaka puani. Daktari akaongeza kwamba wamechukua kinyama kidogo cha tumbo kupima bakteria, majibu yatakuja baadaye, na kwamba nisikae mbali na hospitali.

Hapo ndipo mke wangu alipotoa hukumu. Yeye anapika chakula kule machimboni na kibanda hawezi kukiacha, wazazi wangu wametangulia, na kutoka Bulyanhulu mpaka hospitali mtu anaweza kukatika roho njiani. "Utakaa kwa mama, Didia, hapo ni karibu," akasema.

"Heri nirudi mgodini nikafie huko."

"Ukifa nitakuzika. Kwa sasa panda gari."

Asiyejua mila zetu anaweza kunicheka. Kwa sisi Wasukuma wa malezi ya zamani, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawatazamani. Wakikutana njiani mmoja anaacha njia. Hawapeani mkono, hawali pamoja, na jambo likiwepo linapitia kwa mtu wa tatu. Siku hizi wengi wameacha, na mjini Shinyanga nimeona vijana wanapiga picha wamekumbatiana na mama wakwe zao, wanacheka. Sikuwalaumu. Lakini mama mkwe wangu alikuwa wa zamani, na mimi nililelewa na bibi, kwa hiyo tangu nimwoe binti yake nilikuwa namjua kwa kanga na kwa visigino. Uso wake singeweza kuutaja ukoje.

Alikuwa mjane, anaishi na binti yake wa mwisho aliyekuwa amemaliza kidato cha nne. Walinipa chumba cha mbele, chenye mlango unaofungukia nje, ili nisilazimike kupita uani. Mama alihama hata mahali pake pa kukatia mboga, akaenda nyuma ya jiko, ili mimi niweze kukaa kivulini bila kumwona. Binti ndiye aliyekuwa daraja letu. Yeye ni shemeji yangu, na shemeji kwetu ni mtani, kwa hiyo kila sahani aliyoniletea ilikuja na kejeli yake.

"Shemeji, mwangaluka! Bado upo? Nilishaanza kumtafutia dada mume mwingine."

"Mtafutie mwenye karasha lake mwenyewe, siyo kibarua."

Uji wa mtama, ugali laini, maziwa, michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyochemshwa mpaka ikalainika. Nililishwa vizuri kuliko nilivyostahili. Shida haikuwa chakula kinapoingia.

Pale nyumbani kulikuwa na choo kimoja tu, na mkwe haingii choo anachoingia mama mkwe wake. Mke wangu alikuwa ameongea na majirani ng'ambo ya barabara nitumie cha kwao. Siku ya kwanza nilikwenda. Nikakuta akina mama wawili wanapepeta karanga mlangoni, wakanisalimia shikamoo, wakaniuliza tumbo linaendeleaje, wakaniangalia naingia, na nilipotoka walikuwa bado wananiangalia. Sikurudi tena. Nikaanza kuamka kabla hakujapambazuka, nazunguka ua wa minyaa nyuma ya nyumba, nachimba kijishimo kwa jembe la mkono na kufukia harakaharaka. Simu yangu ilikuwa na tochi. Sikuiwasha, kwa sababu mwanga ungenisema.

Daktari aliniambia niangalie rangi. Mimi nilichagua saa ambayo hakuna rangi. Kila nikilikumbuka hili natamani kujizaba kofi.

Wala sikumwambia mtu yeyote pale nyumbani nilichoelezwa hospitali. Mke wangu alimwambia mama yake kwamba naumwa tumbo, nisipewe pilipili, basi. Binti naye ana mipaka ya kumwambia mama yake habari za tumbo la mumewe. Shemeji ningeweza kumwambia, lakini angenitania kwa hilo mpaka kaburini.

Mgongo ukaanza tena. Mtu aliyezoea kumeza vidonge kila siku akiviacha, maumivu yote aliyokuwa ameyakopa yanarudi kwa pamoja. Nilikuwa nageuka kitandani naguna, na ukuta ule wa tofali mbichi hauhifadhi siri. Asubuhi moja shemeji akaja na kikombe cha maji, na kwenye kiganja chake vidonge viwili vyekundu.

"Mama amekusikia unalia mgongo. Ameenda mwenyewe mpaka dukani, kwa mguu. Anasema umeze, upumzike."

Nilivijua hata kabla sijavishika. Maneno ya daktari yalikuwa wazi masikioni: hata ukipewa na nani. Lakini fikiria mwenyewe umekaa pale kitandani. Mama mkwe, ambaye hata jina lako halitaji, amekusikia unaguna, ameona huruma, amekwenda na kurudi juani kwa ajili yako. Utamrudishia dawa zake kwa mkono wa binti yake? Utasema nini? Utaanza kueleza damu, matapishi, na rangi ya kinyesi, maneno hayo yatoke kwako yaende kwake? Shemeji alikuwa amesimama ananisubiri nimeze. Nikameza.

"Mwambie mama wabeja sana," nikasema.

Mgongo ukatulia. Kesho yake vikaja tena, na keshokutwa. Nilimeza vyote, na kila mara nilishukuru.

Dalili zilianza taratibu. Nikisimama naona kizunguzungu, moyo unakwenda mbio kama nimekimbia, jasho jembamba usoni wakati wenzangu wamevaa masweta. Siku moja nilichelewa kuamka, nikaenda nyuma ya minyaa kumeshaanza kupambazuka, nikaona kwa jicho moja kwamba kilichotoka ni cheusi. Nikajipa jibu papo hapo. Nilikuwa nimepewa pia vidonge vya kuongeza damu, na nilishasikia kwamba vinatia choo weusi. Ni hivyo tu, nikajiambia, nikafukia vibaya kwa haraka ya kuwahi jua, nikarudi kulala. Mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo niliiandika kwenye daftari shule ya msingi, nikapewa vema, nikadhani inahusu watu wengine.

Mchana wa siku ile nikasikia hatua mlangoni. Hazikuwa za shemeji, maana shemeji huburuza kandambili. Mlango haukufunguliwa. Sauti nisiyoizoea ikasema kutoka nje, kwa Kiswahili cha Didia:

"Mkwe."

Sikujua mkwe anayeitwa na mama mkwe wake anaitika vipi, hakuna aliyewahi kunifundisha.

"Mkwe, nilikwenda kuchuma mlenda kule nyuma ya minyaa. Nimekuta ulichoacha. Mavi yako ni meusi, yananata. Malehemu mume wangu alipata hivyo hivyo, na hakumaliza siku mbili. Vaa nguo. Pikipiki inakuja."

Natamani niseme nilifikiria kifo. Nilichofikiria ni kwamba mama wa mke wangu ameyaona mavi yangu, ameyainamia, ameyachunguza, na sasa anayataja kwa sauti huku kuku wanapita. Nikatafuta suruali chini ya kitanda nikitamani ardhi inimeze.

Shemeji alikuwa ameenda mashine ya kusaga. Palikuwa na sisi wawili na dereva wa bodaboda. Nilipotoka mlangoni nikashika nguzo nisianguke. Mama mkwe alikuwa amenipa mgongo, kanga ameivuta mpaka kichwani, kama mila inavyotaka. Dereva akasema mgonjwa kama huyu peke yake nyuma ataanguka, lazima mtu amshike. Akatutazama mmoja mmoja. Dereva alikuwa mtu wa hapo hapo, alijua anachokiomba.

Mama mkwe akageuka. Akanishika kwapani akanipandisha, naye akapanda nyuma yangu, tukawa mshikaki. Mikono yake ikapita ubavuni mwangu ikafungana kifuani. Nilijaribu kuinama mbele nisimguse, pikipiki ikaruka shimo, kichwa changu kikarudi nyuma kikaangukia bega lake. "Tulia," akasema. Kabla hatujafika lami, tumbo likaniponyoka. Nilisikia joto linashuka kwenye suruali, na harufu ikatangulia mbele yetu. Nilijua uchafu unapita kwenye kanga yake. Nikaanza kusema samahani, samahani mama, samahani, na yeye hakulegeza mikono. Nililia pale juu ya pikipiki, mtu mzima mwenye watoto. Na ukiniuliza nililia kwa nini, sikulia kwa sababu nakufa.

Hospitali wakanirudishia mpira, wakakuta mshipa umefunguka upya, wakauziba tena na kuniongezea damu. Daktari yule yule akaja kitandani. Safari hii hakupaza sauti, na hilo likaniumiza zaidi.

"Ulimeza nini, baba?"

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya mlango. Nilikuwa naziona ncha za miguu yake, na kanga aliyoazimwa na mgonjwa mwingine.

"Diklofenaki," nikanong'ona. "Mgongo ulinizidi. Nilinunua mwenyewe dukani."

Daktari akatikisa kichwa, akaandika. Niliona nimefanya uungwana. Nimemwondolea mama wa watu lawama, nikaibeba mimi. Nilijisikia mwanamume kidogo, kwa mara ya kwanza tangu nianze kuugua. Akaniambia pia majibu ya kile kinyama yameonyesha bakteria wapo, na wasipofukuzwa kidonda kitaendelea kurudi hata nikila nini. Nikapewa antibayotiki na vidonge vya asidi. Nikimaliza kabisa nisubiri, kisha nilete choo kipimwe. Wakiwa wameondoka, hatari ya kutoa damu tena itapungua sana. Wakiwa bado wapo, tunaanza upya.

Nikarudishwa Didia, na kuanzia hapo mila yetu ikapasuka kama chungu. Mama mkwe alitoa amri kupitia kwa shemeji kwamba sitaamka tena gizani, nitasubiri jua, na yeye ataniuliza. Nilifikiri anatishia. Asubuhi ya kwanza nikiwa natoka nyuma ya minyaa na jembe langu, sauti ikatoka jikoni, kavu kabisa:

"Mkwe. Leo langi gani?"

Shemeji akaangua kicheko mpaka akamwaga maji. Mimi nikasimama na jembe mkononi.

"Ya kawaida, mama."

"Kawaida ni langi gani?"

"Kahawia, mama."

"Haya. Uji uko tayali."

Kila asubuhi ikawa hivyo. Habari ikazagaa. Wazee wawili wa ukoo walikuja kusema kwamba mkwe na mama mkwe waliogusana na kuzungumza mambo ya chooni lazima mbuzi achinjwe, la sivyo ni balaa. Mama akawaambia mbuzi yupo, atachinjwa mkwe akipona, maana asipopona mtamla matangani. Wakanywa togwa wakaondoka. Akina mama wa ng'ambo nao walikuwa wakiniona wanaulizana rangi kwa sauti kisha wanacheka wakiegemeana. Niliona haya kila siku ya Mungu, sikuwahi kuzoea. Lakini nilisubiri jua, na niliangalia, kwa sababu nilijua nitaulizwa.

Ilipofika siku ya kupeleka choo kipimwe, nilishindwa tena. Kikopo chenyewe ni kidogo, kina mfuniko, kimefungwa kwenye mfuko mweusi, hakuna anayejua ndani kuna nini. Ila mimi nilijua. Nilikiona kinadondoka kwenye Hiace, mfuniko unafunguka, abiria wanaruka madirishani. Nikakaa kitandani nakitazama, nikaanza kujiambia kwamba tumbo haliumi, nina nguvu, pengine kipimo si lazima. Mama mkwe alikuwa anaelekea mjini kuuza karanga. Akasimama mlangoni na ndoo yake kichwani, akanyoosha mkono bila kunitazama.

"Lete."

"Mama, hapana, hiki siyo..."

"Nimeshakibeba kwenye kanga yangu bila kikopo. Lete."

Nikampa. Akakitia kwenye fundo la kanga, akaenda zake.

Siku ile ilikuwa ndefu. Sikula. Niliogopa kweli, nikijiona nimelala tena kwenye kile kitanda cha wodini na mpira kooni. Nilifagia uwanja wote, kazi ambayo mkwe hafanyi, nikaukagua, nikaufagia tena. Jua lilikuwa limeinama aliporudi. Ndoo ilikuwa tupu. Hakwenda jikoni, alikuja moja kwa moja mpaka chini ya dirisha langu nilipokuwa nimekaa, akatua ndoo.

"Wamesema wale wadudu hawapo."

Nilifumba macho nikamshukuru Mungu, nikamshukuru na yeye. Hakuondoka.

"Yule dakitali binti ameniona pale, akanikumbuka. Akaniuliza kama mkwe bado anameza vile vidonge vyekundu. Akasema ndivyo vilivyofungua kidonda mala ya pili. Akasema mwenyewe ulikili ulivinunua." Akavuta pumzi. "Nikamwambia hakununua yeye. Nilinunua mimi."

Nikatazama chini.

"Ulijua lini kwamba ni vibaya?"

Ningeweza kudanganya tena. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, wenye adabu, umevaa vizuri.

"Nilijua kabla sijameza, mama."

Alikaa chini pale pale kwenye mchanga nilioufagia. Kanga ikamteleza kichwani na hakuirudisha, na nikamwona uso kwa mara ya kwanza. Ana macho ya mke wangu. Yalikuwa yamejaa machozi, na yalikuwa yananitazama mimi.

"Kwa hiyo ungekufa hapa kwangu," akasema, "na mimi ningekulilia, nikakuzika, nikalea na watoto wako, nisijue kwamba ni mimi niliyekuua."

Niliteremka kitini, nikakaa mchangani mbele yake. Nikasema tena samahani, samahani mama, kama juu ya pikipiki, mpaka shemeji alipotuita kula.